Vijiti Mezani: Adabu za Kula kwa Msafiri Ambaye Mkono Wake Haujazoea

Msafiri anayeketi kwa mara ya kwanza kwenye meza ya chakula mjini Guangzhou, Tokyo au Seoul, akakuta jozi ya vijiti pale alipotarajia uma na kijiko, aghalabu huielekeza hofu yake pasipostahili. Huogopa kuangusha kipande cha nyama, huogopa tambi zisimteleze, huogopa wenyeji wasimcheke. Kumbe hayo husamehewa kwa wepesi, kwa kuwa hata watoto wa huko huchukua muda mrefu kuvimudu vijiti, na wapo watu wazima ambao jamaa zao huwalaumu kwamba mpaka leo hawavishiki sawasawa. Kinachotazamwa kwa jicho kali zaidi ni yale mgeni anayoyafanya na vijiti wakati havijabeba chakula: mahali anapovilaza, upande anaovielekeza, bakuli anamovitumbukiza na namna anavyovisimamisha. Hayo hayahitaji wepesi wa vidole, na mtu anaweza kuyaelewa yote kabla ndege haijatua.

Tatizo ni kwamba adabu hizi huelezwa mara nyingi kama orodha ya makatazo, na orodha yenyewe ni ndefu; Japani peke yake ina makumi ya makosa ya vijiti, kila moja likiwa na jina lake. Mgeni huisoma, huichanganya, kisha huisahau. Ni rahisi zaidi kuyashika makatazo hayo ukijua yalikotoka, kwa maana karibu yote yanatokana na mambo matatu: maziko, chakula kinacholiwa na wengi, na heshima kwa wakubwa. Kwa msomaji aliyekulia kwenye sinia la pamoja, ambako mtu hula upande wake, hutumia mkono wa kulia, wala hatangulii kutia mkono kabla ya mzee, mawili ya mwisho si mageni kabisa. Lililo geni ni la kwanza, nalo ndilo zito kuliko yote.

Kwa nini vijiti, na si kila mahali

Vijiti vya shaba nyeusi vimefukuliwa katika magofu ya Yin karibu na mji wa Anyang, uliokuwa makao makuu ya ufalme wa Shang zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Inaaminika kwamba hapo mwanzo vilitumika zaidi jikoni, kugeuzia na kuopolea vyakula chunguni, kuliko mezani. Kwa karne nyingi Wachina walikula kwa vyombo viwili: kijiko kwa nafaka ndogondogo kama uwele, na vijiti kwa mboga na nyama zilizokuwa ndani ya mchuzi. Tambi zilipoenea, na baadaye wali ulipotawala meza, vijiti vilichukua kazi karibu yote na kijiko kikabaki na supu. Korea haikufuata mkondo huo hadi mwisho. Kaburi la mfalme Muryeong wa Baekje, ufalme wa kale wa Korea, aliyefariki mwaka 523, lilipogunduliwa mjini Gongju mwaka 1971, ndani yake vilikutwa vijiko na vijiti vya shaba nyeusi, na hadi leo Mkorea huandaliwa vyote viwili pamoja: kijiko cha wali na supu, vijiti vya vitoweo.

Jambo la pili linaloeleza vijiti ni kisu, au tuseme kutokuwapo kwake. Katika mapishi ya nchi hizi ukataji wote humalizikia jikoni, na vipande vidogo huiva haraka kwa kuni chache. Mwanafalsafa wa China Mencius, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba muungwana hukaa mbali na jiko, kwa sababu akishamwona mnyama akiwa hai hawezi kustahimili kumwona akifa. Iwe chanzo ni falsafa hiyo au ni uhaba wa kuni, mgeni akumbuke kwamba kuomba kisu mezani ni kuomba kitu ambacho mpishi aliona kimeshamaliza kazi yake. Kipande kikiwa kikubwa, hung'atwa na sehemu iliyobaki huwekwa kwenye sahani ya mlaji mwenyewe. Hairudishwi kamwe katika sahani ya wote.

Na la tatu ni mchele. Mchele wa punje fupi unaoliwa Japani na Korea una aina ya wanga unaoufanya wali ushikamane, hata bonge dogo likanyanyuliwa kwa vijiti bila kumwagika. Wali wa pilau au biriani, ambao sifa yake ni kila punje kujitenga na mwenzake, ungemtoa mtu jasho. Ndiyo maana Thailand, ambako wali wa kila siku ni wa punje ndefu, watu hula kwa kijiko na uma, na vijiti huletwa kwa ajili ya supu ya tambi. Huko kijiko hushikwa mkono wa kulia nacho ndicho kiendacho kinywani, ilhali uma wa mkono wa kushoto husukumia tu chakula kijikoni. Msafiri anayeketi Bangkok mbele ya sahani ya wali akaagiza vijiti ili aonekane anaijua Asia, anaonyesha kinyume chake.

Mkono

Ustadi wenyewe unaweza kuelezwa kwa maneno machache, ingawa mazoezi yake ni ya siku nyingi. Kijiti cha chini hakisogei. Hulazwa katika pengo lililo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na upande wake wa mbele huegemea kidole cha pete. Kijiti cha juu hushikwa kama kalamu, kwa ncha ya kidole gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati, na hicho peke yake ndicho kinachopanda na kushuka. Wanaoanza huvisukuma vyote viwili kwa pamoja, ncha zikapishana kama herufi X na chakula kikaanguka katikati. Kosa lingine ni kuvishika chini mno, karibu na chakula, kwa kudhani kwamba ukaribu unaleta uthabiti. Vishikwe juu, kiasi cha theluthi moja kutoka mwisho wa nyuma. Ncha zilingane. Na nguvu iwe ndogo, maana kadiri mtu anavyobana ndivyo kipande kinavyochomoka.

Vijiti navyo havifanani. Vya mianzi au vya mbao isiyosuguliwa sana humsaidia mgeni, kwa kuwa havitelezi. Vya Kijapani vilivyopakwa rangi ya kung'aa huteleza kiasi. Vya Kikorea, ambavyo ni vya chuma na aghalabu ni bapa, ndivyo vigumu kuliko vyote. Husimuliwa kwamba chuma hicho kilianzia kwa wafalme waliotumia fedha ili sumu ijulikane kwa kuibadilisha rangi. Ni kweli kwamba fedha huwa nyeusi ikikutana na salfa, lakini yai nalo lina salfa, kwa hiyo mlinzi wa mfalme aliyetegemea kipimo hicho peke yake angetupa vyakula vingi visivyo na hatia.

Chakula cha kuanzia kiwe chenye pembe na kisicho na mafuta mengi: kipande cha kuku, ua la brokoli, uyoga. Karanga ziachwe mpaka siku nyingine. Tofu laini, yaani jibini ya soya, haibanwi, bali hubebwa kwa chini, vijiti vikiwa vimekaribiana kama kitanda chake, au huchotwa kwa kijiko bila aibu yoyote. Tambi huchukuliwa nyuzi chache kwa wakati mmoja, na mlaji huinama kidogo kulifuata bakuli. Japani kuzivuta kwa sauti hakuleti lawama, na mgeni asione haya kwa kusikia mlio ambao kwao angegombezwa na mama yake. Kuhusu wali, China, Japani na Vietnam bakuli hunyanyuliwa kwa mkono wa kushoto na kusogezwa karibu na mdomo, jambo ambalo hupunguza safari ya vijiti na kuondoa nusu ya taabu. Anayetumia mkono wa kushoto anavumiliwa siku hizi kuliko zamani, lakini kwenye meza ya duara iliyojaa watu kiwiko chake kitagongana na cha jirani, basi achague kiti mapema.

Wafu hawatajwi mezani

Kosa ambalo hata mwenyeji mpole hushindwa kulificha usoni ni kuvisimamisha vijiti wima ndani ya bakuli la wali. Katika desturi za Kibuddha za Japani, bakuli la wali lililosimamishwa vijiti namna hiyo huwekwa karibu na kichwa cha maiti. Kwa Wachina, vijiti vilivyosimama hufanana na ubani wa vijiti unaochomwa mbele ya picha na vibao vya wazee waliotangulia. Wakorea, katika ibada yao ya kuwakumbuka wahenga, husimamisha kijiko ndani ya wali ili marehemu ale. Kwa hiyo mgeni anayechomeka vijiti vyake apate nafasi ya kujibu simu, bila kujua lolote, ameigeuza karamu kuwa matanga.

La pili linafanana nalo, na ni la Japani hasa. Karibu maiti wote wa Japani huchomwa, na baada ya kuchomwa jamaa hukusanyika kuiokota mifupa kwa vijiti na kuiweka katika chombo chake, wakianzia miguuni na kumalizia kichwani ili marehemu asikae kichwa chini. Katika shughuli hiyo watu wawili huweza kuushika mfupa mmoja kwa pamoja, au mmoja akampokeza mwenzake kutoka vijiti hadi vijiti. Hiyo ndiyo sababu haifai kumpokeza mtu kipande cha chakula kwa vijiti naye akakipokea kwa vijiti vyake. Ukitaka kumgawia, kiweke kwenye sahani yake. Hapa mkarimu wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu desturi yetu ya kumchagulia mgeni kinofu kizuri na kumsogezea inaweza kumtia katika mtego huu kwa nia njema kabisa.

Sahani ya wote

China, chakula huletwa katikati ya meza na kila mtu huchota, mara nyingi kutoka kwenye kioo cha duara kinachozunguka. Hatari iko wazi: ncha iliyotoka kinywani inarudi katika sahani ya wote. Makatazo mengi yanatoka hapa. Mtu hafukui chini ya sahani kutafuta kipande anachokitaka, wala haviachi vijiti vikielea juu ya vyakula huku akiwaza, wala havilambi, wala havuti bakuli kwavyo. Huchukua kilicho juu na kilicho upande wake, na hakizungushi kioo wakati mwenzake bado anachota.

Suala hili lina historia ya kitabibu. Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, katika Malaysia ya leo, aliyeongoza mapambano dhidi ya tauni huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, mwaka 1910 na 1911, alipendekeza katika miaka iliyofuata meza yenye sinia la kuzunguka, pamoja na vyombo maalumu vya kupakulia, ili vijiti vya kinywani visiguse chakula cha wengine. Baada ya ugonjwa wa SARS mwaka 2003, kisha UVIKO-19, kampeni za kutumia vijiti vya kupakulia zilipata nguvu upya. Leo katika mikahawa mingi ya miji mikubwa ya China kila mlaji huwekewa jozi mbili, kwa kawaida za rangi tofauti. Moja ni ya kupakulia na nyingine ni yake. Mgeni asiyejua ipi ni ipi na asubiri kidogo, atazame jirani. Pasipokuwa na jozi ya pili, wapo wanaogeuza vijiti na kuchotea kwa upande wa nyuma, lakini si wote wanaoupenda mtindo huo, hasa Japani, ambako huonekana kama kuwatilia wenzako shaka na vilevile kuutia mafuta upande wa kushikia. Kuomba vijiti vya kupakulia ni bora zaidi.

Japani na Korea hali hutofautiana. Mlo wa Kijapani kwa kawaida humpa kila mtu vibakuli vyake, na ndiyo sababu inayotolewa kwa nini vijiti vyao ni vifupi, sentimita 23 au pungufu, vyenye ncha kali ya kuchambulia miiba ya samaki, wakati vile vya China hufika sentimita 25 au zaidi na vina ncha butu, kwa kuwa lazima vifike katikati ya meza. Korea vitoweo vidogovidogo huwekwa katikati, lakini wali na supu ni vya mtu mwenyewe, na hapo bakuli halinyanyuliwi. Hubaki mezani, kijiko kikalifuata. Anayetoka Osaka asubuhi na kula Busan jioni atalazimika kubadili tabia ndani ya siku moja: kilichokuwa adabu kule ni utovu wa adabu huku. Vilevile Mkorea hashiki kijiko na vijiti kwa pamoja katika mkono mmoja; hulaza kimoja ndipo akachukua kingine.

Wakubwa, na wafanyabiashara wa Guangzhou

Kuhusu wakubwa hapana haja ya maneno mengi. Korea hakuna anayeanza kabla ya mkubwa kunyanyua kijiko chake, kinywaji hupokewa na kumiminwa kwa mikono miwili, na kijana anayekunywa pombe mbele ya mzee hugeuza uso pembeni. Vietnam wadogo huwakaribisha wakubwa kwa maneno kabla ya kuanza kula, mmoja baada ya mwingine. Japani, China na kwingineko, kumnyooshea mtu vijiti wakati wa kuzungumza ni sawa na kumnyooshea kidole. Kugonga bakuli kwa vijiti kunaepukwa China kwa sababu ndivyo walivyofanya ombaomba.

Guangzhou inastahili maelezo yake yenyewe, kwa kuwa ndiko Waafrika Mashariki wengi wanakokutana na vijiti kwa mara ya kwanza. Maonyesho ya biashara ya Canton yamekuwa yakifanyika huko tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, na mtaa wa Xiaobei unajulikana kwa wafanyabiashara wa Kiafrika. Mwenye kiwanda akimwalika mnunuzi chakula, kabla ya lolote ataletewa buli la chai ya moto, na atawaona wenyeji wakisuuza kikombe, bakuli na vijiti kwa chai hiyo na kuimwaga katika bakuli kubwa. Ni desturi ya Guangdong, na wala si dharau kwa mkahawa. Mgeni afanye vivyo hivyo na asiinywe chai ile. Akimiminiwa chai, hugonga meza kwa upole kwa ncha za vidole viwili kuwa ndiyo asante, bila kukatiza maneno. Hadithi ya huko husema kwamba mfalme Qianlong, akisafiri kwa kujificha, aliwamiminia chai watumishi wake, nao kwa kuwa hawakuweza kumsujudia hadharani wakakunja vidole mezani badala ya magoti. Akiletewa samaki mzima na upande wa juu ukaisha, asimpindue, kwani kwa watu wa pwani ile kumpindua samaki ni kuipindua mashua. Uti wa mgongo huondolewa, na kula kukaendelea upande wa chini. Mvuvi wa Lamu au wa Mafia huenda asiuamini mwiko huo, lakini hatashindwa kuelewa kwa nini mwingine anauamini.

Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, aseme hivyo wakati wa mwaliko, si wakati mwenyeji ameshamwekea kipande bakulini. Kuwekewa chakula na mwenyeji ni heshima, na kukirudisha ni kugumu kuliko kutaja mwiko wako mapema. Migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono inayoendeshwa na Waislamu wa kaskazini-magharibi ya China imeenea karibu kila mji, na bango lake, mara nyingi la kijani, huwa na maandishi ya Kichina pamoja na ya Kiarabu. Ni mahali pazuri pa kujifunzia vijiti vilevile, kwa maana hapo kila mtu ana bakuli lake na anashughulika nalo.

Kuomba uma si aibu. Katika miji mikubwa upo, na neno lake Kijapani ni *fooku*, Kikorea *pokeu*, Kichina *chazi*. Ninavyoona, ni heshima zaidi kujaribu vijiti kwa vipande vichache, kisha kuomba uma kwa utulivu, kuliko kukaa na njaa kwa ukaidi au kuchomachoma vyakula kwa kijiti kimoja, jambo ambalo ni miongoni mwa makosa yenye jina huko Japani. Sushi haihitaji uma wala vijiti. Huweza kuliwa kwa mkono, na mikono hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kinacholetwa mwanzoni, ambacho hakikusudiwi kupangusia uso.

Katikati ya mlo na baada yake, vijiti vina mahali pake. Japani hulazwa kwa mlalo mbele ya mlaji, ncha zikielekea kushoto, juu ya kiegemeo kidogo. Visipokuwa na kiegemeo, mfuko wa karatasi uliovileta hukunjwa na kutumika. Vile vya kutupwa, ambavyo huja vimeshikana na kupasuliwa viwe viwili, haviparuzwi kimoja kwa kingine mbele ya mwenyeji, kwa kuwa ni kumwambia kwamba amenunua vya bei rahisi. China huwekwa upande wa kulia, ncha zikielekea katikati ya meza. Korea hurudishwa kulia, kijiko kikiwa kushoto kwa vijiti. Bakuli la wali la Kijapani humalizwa hadi punje ya mwisho, ilhali kwenye karamu ya Kichina sahani za katikati zilizofutwa kabisa zinaweza kumfanya mwenyeji adhani chakula hakikutosha, na akaagiza kingine.